Kusaka dawa ya kisukari kwenye majani ya mforosadi

Majani ya mforosadi, *sang ye* kwa waganga wa Kichina, yana DNJ (deoksinojirimaisini), kemikali inayozuia vimeng'enya vya utumbo visigeuze wanga kuwa glukosi. Miglitoli, dawa ya kisukari aina ya pili, imetokana nayo. Anza na jani hili kabla ya mitishamba isiyojulikana.

Chuma majani machanga ya ncha. Ndiyo yenye DNJ nyingi. Kausha kivulini, yafunikwe kitambaa chepesi, maana vumbi la kiangazi cha Dodoma likiingia utapima uzito wa udongo. Saga, loweka gramu 10 kwenye mililita 100 za ethanoli ya asilimia 50 kwa saa 24, chuja, kisha vukiza bila kuzidi nyuzi 45 upate ekstrakti. Klorofomu haifai: DNJ huyeyuka kwenye maji, itabaki kwenye makapi.

Kimeng'enya ndicho kinachoangusha wengi. Cha hamira ni rahisi kupatikana, lakini DNJ hukizuia kwa shida, na jani zuri hutupwa bure. Tumia unga wa utumbo wa panya uliotengenezwa kwa asetoni: miligramu 100 kwa mililita 3 za bafa (maji ya kushikilia pH) ya fosfeti, pH 6.8. Ukoroge kwenye barafu, zungusha kwenye sentrifuji, chukua maji ya juu. Bafa itengenezwe kwa maji yaliyokenekwa tu. Kalsiamu ya maji ya kisima ikikutana na fosfeti huleta ukungu, na mashine ya kupima rangi huusoma kama rangi.

Changanya mikrolita 50 za kimeng'enya na 20 za ekstrakti, nyuzi 37, dakika 10. Ongeza 50 za maltosi, sukari ambayo kimeng'enya huigeuza glukosi, subiri dakika 30, kisha tia kwenye maji yanayochemka dakika 10 ili kimeng'enya kisimame; Dodoma ni karibu nyuzi 96, zinatosha. Pima glukosi kwa kitendanishi cha glukosi oksidesi, ukilinganisha na akabosi, dawa ya kisukari inayozuia vimeng'enya hivyo; glukosi ikiwa kidogo, kimeng'enya kimezuiwa.

Usishangilie bado. Jani lina sukari yake, hivyo pima ekstrakti bila kimeng'enya uitoe. Polifenoli, kemikali nyingine za mimea, nazo huvuruga kitendanishi: ongeza glukosi unayoijua kiasi kwenye ekstrakti, na usomaji ukipungua, matokeo hayaaminiki. Tanini hushika protini yoyote; pitisha ekstrakti kwenye PVPP, unga unaonasa tanini, urudie. Nguvu ya kuzuia ikibaki, tafuta IC50, yaani kiwango kinachozuia nusu ya kazi ya kimeng'enya, kwa viwango visivyopungua 5, kila kimoja mara 3, ndipo uanze kutenganisha kemikali za jani.