Jinsi ya kutoa silva kwenye fiksa ya eksirei iliyotumika

Wadau, nimeulizwa sana kuhusu hii kazi, ngoja niandike yote sehemu moja. Popote wanaposafisha filamu za eksirei kwa dawa za maji, iwe hospitali au wale mafundi wanaopiga picha welding za mabomba na matenki, kuna dawa inaitwa fiksa, yenyewe kazi yake ni kuondoa silva ambayo haikupigwa na mionzi kwenye filamu, kwahiyo ikishachoka inakuwa imeibeba hiyo silva, mara nyingi gramu 2 mpaka 8 kwa lita. Dumu la lita 20 linaweza kuwa na gramu 100 humo ndani na watu wanamwaga kwenye sinki! Inaniuma sana, maana hela inapotea na silva ikifika mtoni inaua viumbe wadogo wa majini.

Kabla ya yote nenda NEMC, wale wa serikali wanaosimamia mazingira, kaulizie mambo ya kibali, hii inahesabika taka hatarishi.

Hatua ya 1, kukusanya. Fiksa ikae peke yake, usikubali ichanganywe na divelopa, ile dawa ya kutokeza picha. Kuna sehemu nilikuwa nachukua mzigo wakawa wanamwagia zote dumu moja, nikifungua harufu ya amonia inapiga mpaka machozi na silva haishuki vizuri, nikapoteza kama mwezi mzima nikidhani kosa ni langu. Nunua karatasi za kupimia pH, yaani kipimo cha uchachu, ukiona 5 mpaka 6 mzigo uko poa. Madumu yawe ya plastiki, uyaandike, na mtoto asifike hapo.

Hatua ya 2, jaribu kama silva ipo. Chukua kipande cha waya wa kopa, kisugue kwa msasa mpaka king'ae, kitumbukize dakika moja. Kikitoka cheupe cha kijivujivu, silva ipo ya kutosha. Kikibaki chekundu usipoteze stilwaya yako (zile nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, ndizo zitakazonasa silva).

Hatua ya 3 ndio moyo wa kazi yenyewe. Unahitaji ndoo mbili za plastiki zenye mfuniko na stilwaya za chuma cha kawaida, sio zile za stenlesi na sio zenye sabuni. Sumaku itakudanganya maana kuna stenlesi zinanasa, we lowesha kipande ukilaze usiku, asubuhi kikiwa na kutu hicho ndio chenyewe. Shindilia kwenye ndoo zote mbili kusibaki njia ya maji kupita kirahisi, unganisha kwa mpira, fiksa iingie ndoo ya kwanza kwa chini itokee juu iende ya pili. Kinachotokea ni kwamba chuma kinaingia kwenye maji na silva inatoka inabaki kama tope jeusi. Sasa hapa wengi wanaharibu kwa pupa, wanafungulia maji yanapita mbio, silva yote inaondoka nayo. Mimi naachia lita moja na nusu hivi kwa saa, basi. Na stilwaya isikae nje ya maji hata siku moja, ikikauka inaliwa na kutu mzigo unapitia pembeni.

Kila siku pima kwa kopa maji yanayotoka ndoo ya kwanza. Siku kopa ikianza kuwa nyeupe, ndoo hiyo imechoka, itoe, ya pili isogee nafasi ya kwanza na mpya ikae nyuma yake.

Tafadhali sana, usiongeze asidi ili kuharakisha, inatoa gesi ya salfa inayokaba kifua, na usiweke dawa ya kufulia ya klorini karibu na hii kitu, gesi yake ni sumu. Fanyia kazi nje, glavu na miwani muda wote.

Hatua ya 4, chukua tope la ile ndoo iliyochoka, acha litulie, mwaga maji ya juu kwenye dumu lingine, suuza mara tatu nne, chuja kwa kitambaa cha pamba kizito. Halafu likauke kabisa. Nasema kabisa kwasababu mara yangu ya pili niliyeyusha tope lenye unyevu, likaruka, mkono wa kushoto una kovu mpaka leo.

Hatua ya 5, kuyeyusha. Silva inayeyuka nyuzi 961, kwahiyo jiko la mkaa la kupikia haliwezi, tumia tanuru yenye feni au ya gesi. Changanya tope na boraksi, unga mweupe unaobeba uchafu ukiyeyuka, kwenye chungu cha grafiti kinachostahimili moto, ongeza misumari michache ya chuma, inasaidia kuivunja ile silva iliyoshikana na salfa. Kutu inaenda kwenye kioo cha boraksi juu, silva inakaa chini. Kalibu la kumiminia lipashwe moto kwanza. Ikianza kuganda usiinamie, silva ya moto inanyonya oksijeni na ikipoa inaitema, cheche zinaruka usoni, nyunyizia unga wa mkaa juu.

Yale maji yaliyopita ndoo zote mbili bado yana chuma na amonia, na silva kidogo ambayo kopa haiwezi kuionyesha. Usimwage mtaroni. Mimi nayahifadhi kwenye madumu nayakabidhi kwa wenye kibali cha kuteketeza, gharama yake naipigia hesabu kabla sijapatana bei na sonara.