Namna ya kuorodhesha makaburi yaliyobaki kwenye mahame mkoani Dodoma

Operesheni Dodoma, mpango wa serikali wa kuwahamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa, ilipoanza mwaka 1971, kaya nyingi zilihamia kwenye vijiji vipya, na makaburi ya wazee yakabaki kwenye mahame ambayo leo ni malisho au mashamba ya mtama na uwele. Wanaoyajua kwa macho sasa ni wazee sana, kwa hiyo kazi hii haifai kusubiri.

Anza kwa mwenyekiti wa kitongoji, umweleze nia yako, kisha umwombe akufikishe kwa mzee aliyewahi kuishi mahali hapo na kwa ndugu wa marehemu. Usiende peke yako, kwa sababu wapo wanaofukua makaburi wakitafuta eti mali za Wajerumani, na wenyeji wana haki ya kumshuku mgeni. Miezi ya kiangazi, kuanzia Julai hadi Oktoba, ndiyo inayofaa, kwani majani yamekauka na mawe yanaonekana.

Ili kutambua palipokuwa na makazi, tafuta tuta la udongo wa tembe (nyumba ya udongo yenye paa bapa) iliyoanguka, vigae vya vyungu, au minyaa iliyoota kwa mstari. Rundo la mawe peke yake halitoshi kuitwa kaburi. Huenda ni mawe yaliyoondolewa shambani tu.

Simu hupata majira ya mahali, yaani namba za latitudo na longitudo, hata pasipo na mtandao. Andika tarakimu tano baada ya nukta, na usisahau alama ya kutoa kwenye latitudo, kwani bila alama hiyo kaburi la Chamwino litaonekana kusini magharibi mwa Ethiopia.

Maandishi kwenye saruji, ambayo mara nyingi yalichorwa kwa msumari kabla haijakauka, yasomwe asubuhi na mapema au jioni, jua linapopiga kwa upande na kila mfuo kuwa na kivuli chake. Saa sita mchana utaona saruji tupu. Usisugue kwa brashi ya waya wala kupaka chaki. Tarakimu ikiwa imefutika, weka alama ya kuuliza mahali pake, kwa mfano 19?4, na usijaze kwa kukisia, hata kama una hakika moyoni, maana atakayekuja baadaye hataweza kutofautisha ulichokiona na ulichokidhania.

Maneno ya mzee yaandike kama alivyoyatamka, hata kwa Kigogo, pamoja na tarehe na uhusiano wake na marehemu. Nakala moja ipe familia, nyingine ofisi ya kijiji, na majira ya mahali usiyasambaze hadharani.