Jinsi ya kukagua sanamu ya jiwe ya Buddha ya Kichina kabla hujatoa hela

Ukiletewa sanamu ya jiwe ukaambiwa ni Buddha wa kale kutoka China, usianze na uso, maana uso ndio mafundi wa feki wanaukazania kuliko kitu chochote. Igeuze, angalia mgongoni, chini, na pale ilipovunjika.

Washa tochi umulike kwa ubavuni, alama za patasi zitajitokeza zenyewe. Za mkono hazilingani, ukiona mistari inayofanana kabisa au mikwaruzo ya grainda basi hiyo imechongwa juzi tu. Kuchakaa nako kuna utaratibu wake, pua na magoti ndio huliwa kwanza huku mikunjo ya ndani ya nguo ikibaki na makali, sasa ukikuta imelika sawasawa kila mahali kama kipande cha sabuni, jua kuna mtu kaiogesha asidi. Uchafu wa mashimoni ukinuka gundi, hapo kaa chonjo. Ila ukiona chembe ya rangi au dhahabu usisugue kabisa! Zile sanamu karibu 400 zilizofukuliwa Qingzhou, mkoa wa Shandong, 1996 nyingi bado zina rangi na dhahabu yake, na hiyo ni sehemu kubwa ya thamani.

Halafu jiwe lenyewe. Sanamu za mapango ya Yungang ni jiwe la mchanga, za mapango ya Longmen ni jiwe la chokaa, za Quyang kule Hebei ni marumaru nyeupe, kwa hiyo mtu akikuuzia "Longmen" ya jiwe la mchanga muulize vizuri.

Mtindo nao uendane na tarehe anayokutajia: enzi ya Wei ya Kaskazini (386–534), hasa mwishoni mwake, wembamba wenye sura ndefu, Qi ya Kaskazini (550–577) mwili wa mviringo na nguo imeganda mwilini, Tang (618–907) wamejaa, na bodhisattva (watakatifu wa Kibuddha) mara nyingi nyonga imeegemea upande mmoja.

Kichwa peke yake bila mwili ndio kesi ngumu, binafsi sikigusi bila makaratasi. Sanamu za mapango ya Tianlongshan, Shanxi, zilikatwa vichwa hovyo miaka ya 1920, na kimoja kilirudishwa China kutoka Japani 2020. Dai risiti ya zamani, picha au katalogi ya mnada, na kama unaiingiza Marekani ndio usicheze kabisa, tangu 2009 sanamu za China za mpaka enzi ya Tang zinazuiwa bila kibali cha China au ushahidi kwamba zilitoka huko kabla ya hapo.