Namna ya kupiga hesabu ya mshahara wa kuishi hapa Zanzibar na kuupeleka kwa bosi

Assalaam aleikum wenzangu. Hii nawaandikia khasa wale wa mahotelini, madukani, walinzi, wanaofanya kazi majumbani mwa watu, na hata wewe mwenye gesti yako ya vyumba sita Jambiani ulieajiri watu wanne, soma tu. Kila ikifika Mei Mosi tunabishana mshahara upande usipande, lakini ukimuuliza mtu yeye na nyumba yake wanahitaji shilingi ngapi kwa mwezi hana jibu, anakwambia tu hautoshi. Bosi nae akisikia hautoshi anasema hata mie haunitoshi, mazungumzo yameisha hapo. Kwa hivo tunaanza na namba.

Kwanza tusichanganye vitu viwili. Kima cha chini ni kile kinachotangazwa na serikali, anaelipa chini yake anavunja sheria. Mshahara wa kuishi ni ule ambao mtu akifanya kazi saa zake za kawaida, bila ya ovataimu, anailisha nyumba yake, wanalala pahala pa kibinaadamu, watoto wanasoma, mgonjwa anatibiwa na kinabaki kidogo cha dharura. Shirika la Kazi Duniani, ILO, limeuweka kwenye katiba yake tangu 1919, na mwaka 2024 serikali, waajiri na wafanyakazi walikaa pamoja huko wakakubaliana maana yake na namna ya kuukadiria. Wala sisi si wageni wa jambo hili, mwaka 1948 wachukuzi wa bandarini Unguja waligoma kwa sababu bei za vitu zimepanda na ujira umebaki pale pale, mgomo ukaenea mji mzima.

Mimi msimamo wangu nauweka wazi, mwajiri alazimishwe kwa sheria kulipa mshahara wa kuishi, asiachiwe huruma yake. Mana ikiwa ni hiari, yule mwenye hoteli anaelipa vizuri ndie anaeumia, jirani yake anaelipa kidogo anashusha bei ya vyumba na kumchukulia wageni. Sheria ikiwashika wote hakuna wa kumpunja mwenzie kwa kukata mishahara ya watu. Lakini mpaka hio sheria ije, hesabu unaweza kuipiga leo.

Chukua daftari. Mwezi mzima andika kila kinachotoka nyumbani kwako, na usikadirie kichwani kwa sababu kichwa kinasahau vitu vidogo vidogo kama boflo la asubuhi, vocha na mia tano za mtoto wa skuli. Anza na chakula maana ndicho kinachokula pesa kuliko vyote: mchele, unga, sukari, mafuta, nazi, tungule, dagaa au samaki, mbatata. Andika bei unayonunulia wewe hapo mtaani, si ya jumla ya Darajani ikiwa hununui jumla. Na andika chakula kinachofaa, yaani kama mwezi huu mmekula muhogo mkavu siku kumi kwa sababu pesa hamna basi usiifanye hio ndio kiwango chako, utakuwa unajipangia shida mwenyewe halafu unampelekea bosi aithibitishe.

Halafu nyumba. Kodi, umeme wa Tukuza (ule wa kulipia kabla), maji, gesi au mkaa. Ukikaa kwenu hulipi kodi bado andika kile ambacho ungelipa, mana kukaa kwa wazee si ruzuku ya mwajiri. Baada ya hapo vilobaki: nauli ya kazini, skuli, chuoni (madrasa), dawa, nguo, sabuni, simu, michango ya harusi na misiba. Sikukuu igawe kwa miezi kumi na mbili, usiiache ikuvamie mwezi wa Ramadhani.

Kuna wataalamu wawili, Richard Anker na Martha Anker, waliotengeneza njia ya kukadiria hivi inayotumika nchi nyingi, na namna yao ni nyepesi. Jumlisha chakula, nyumba na mengineyo, ongeza kidogo cha dharura kama asilimia 5, kisha gawa kwa idadi ya wanaofanya kazi ndani ya nyumba. Hapo kwenye kugawa wengi wanakosea, wanagawa kwa mbili kwa sababu mume na mke wote wanahangaika, lakini mke anaelima mwani Paje anapata pale mwani unapokubali na bei inapokuwa nzuri, huyo si mshahara kamili. Mwandike nusu, kwa hivo unagawa kwa 1.5.

Tupige mfano, namba ni za kuonesha njia tu, weka zako. Nyumba ya watu watano, tuseme chakula 12,000 kwa siku, mwezi 360,000. Kodi, Tukuza, maji na gesi 150,000. Mengineyo yote 120,000. Jumla 630,000, ongeza asilimia 5 inakuja 661,500, gawa kwa 1.5 unapata 441,000. Hio ndio ya kufika mkononi, baada ya makato ya ZSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) na mengine, si ile iloandikwa juu ya mkataba. Sasa linganisha: kima cha chini cha watumishi wa SMZ, yaani Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, kilipandishwa mwaka 2022 kikafika 347,000. Kwenye mfano wetu chakula peke yake kimeshaipita.

Na kuna jambo letu khasa la hapa visiwani ambalo hesabu za nje hazina. Masika. Hoteli inafunga Aprili na Mei, unaambiwa kapumzike bila malipo, lakini watoto hawapumziki kula. Ikiwa unalipwa miezi kumi tu, chukua 441,000 zidisha kwa 12, ni 5,292,000, gawa kwa 10, unapata 529,200. Huo ndio mshahara wako wa kuishi, na ukisaini mkataba wa msimu bila ya hesabu hii umekubali kuwa msimu wa watalii ni mzigo wako wewe na si wa mwenye hoteli.

Bosi atakwambia unapata tipu. Tipu ni pesa ya mgeni, leo ipo kesho haipo, na mtu wa jikoni au wa kufua haioni kabisa, usiitie kwenye hesabu. Atasema pia unakula hapa hapa. Kweli, punguza kile kinachookoka nyumbani, sahani yako moja, lakini sahani yako haiwashibishi wanne walobaki nyumbani Fuoni.

Kupeleka sasa. Usende peke yako, wala usende siku hoteli imejaa na bosi anakimbia huku na huku. Kaeni watu wa idara tafauti, kila mmoja na daftari lake, mtoe karatasi moja tu yenye jumla, tofauti na mnacholipwa, na mnachoomba. Msimu wa juu unaanza Juni, kwa hivo wakati mzuri ni kabla hawajaanza kuajiri. Sheria ya Mahusiano Kazini Namba 1 ya 2005 inakupa haki ya kujiunga na chama cha wafanyakazi, ukiwa kwenye chama yanakuwa mazungumzo ya pamoja, si wewe na roho yako. Hujui chama gani kinahusu kazi yako, waulize ZATUC, shirikisho la vyama vya wafanyakazi Zanzibar.

Ikiwa ombi ni kupanda kutoka kima cha chini kwenda mshahara wa kuishi, hayo ni majadiliano, na mwenye gesti ndogo huenda kweli asiweze kupanda mara moja, kubalianeni kwa hatua, msimu huu kidogo msimu ujao zaidi. Lakini akiwa anakulipa chini ya kima kilichotangazwa, hapo hakuna cha kujadiliana, nenda Kamisheni ya Kazi na mkataba wako na slipu za mshahara. Huna mkataba, nenda hivo hivo na meseji za malipo za simu, picha ya zamu ukutani, shahidi. Walioko Pemba wasisikilize maneno ya kuwa lazima wavuke, ulizeni afisi ya kazi ya huko huko. Na jitahadhari na namba unazosikia kwenye TV: kazi si jambo la Muungano, sisi tuna Sheria yetu ya Ajira Namba 11 ya 2005, ile 500,000 ya kima cha chini iloanza Julai 2025 ilikuwa ya watumishi wa Serikali ya Muungano, si wa SMZ. Ukienda kwa bosi nayo kama ndio haki yako ya hapa atakukamata kwenye hilo moja na mengine yote hatokusikiliza.

Akishasoma karatasi yenu akasema subirini, muulizeni mpaka tarehe ngapi, iandikwe pale pale, na kila mtu aondoke na kopi yake.