Kumchagulia mtoto kitabu cha muvi ya kisayansi

Mtoto aliyeipenda muvi ya safari za angani hununuliwa kitabu cha hadithi ya muvi hiyo, akakiacha sura ya tatu. Kosa si lake. Matoleo ya watoto hukatwa mno: matukio hufuata skripti, mapigano hulainishwa, na kurasa hujaa maneno ya wahusika. Mawazo yao, ambayo kamera haiwezi kuyaonyesha, hayamo, wakati hayo ndiyo yangemfanya mtu asome hadithi anayoijua tayari.

Ukiwa kwa wauza vitabu vya mitumba pale Posta au kando ya Samora jijini Dar es Salaam, kwanza fungua ukurasa wenye hakimiliki, mara nyingi hapo au kwenye jalada hutajwa kuwa ni toleo la watoto. Tazama na unene. La watoto kwa kawaida halizidi kurasa 200 zenye herufi kubwa, na baadhi huwa na picha za rangi katikati. La watu wazima mara nyingi hupita 250. Filamu moja inaweza kuwa na matoleo yote mawili yenye majalada yanayofanana, kwa hiyo usinunue kwa kutazama picha ya mbele.

Kipimo kikubwa ni hiki. Tafuta mahali mhusika yuko peke yake, usome kurasa mbili. Ukikuta anachokiogopa, anachokikumbuka, au namna chombo kinavyofanya kazi na kwa nini kimeharibika, chukua. Ukikuta alikimbia, akaruka, akafyatua, basi, rudisha. Kitabu cha kisayansi kisichoeleza kwa nini hewa inaisha chomboni kinamdhulumu msomaji, hata akiwa na miaka tisa.

Kagua pia mgongo. Gundi ya zamani hukauka na kupasuka, na karatasi za picha huchomoka mapema. Fuatisha namba za kurasa katikati na mwishoni.

Kabla hajaanza kusoma, mweleze kwamba vitabu vingi vya aina hii huandikwa kutokana na skripti, filamu ikiwa haijakamilika, ndiyo maana matukio hutofautiana. Kile cha Star Wars kilitoka 1976, filamu ikafuata 1977. Na katika 2001: A Space Odyssey, kazi ya mwandishi Arthur C. Clarke ya 1968, kitabu kinaelekea Zohali ilhali filamu inaishia Mshtarii. Kama muvi aliiona kwenye kibanda umiza ikiwa imetafsiriwa, ajue vichekesho vya mtafsiri hatavikuta humo.

Toleo fupi, yaani la watoto, lisomwe kabla ya filamu, maana hapo mtoto hujijazia sura na sauti mwenyewe. Akishaiona filamu, mtafutie toleo kamili kama Kiingereza chake kinatosha.

Na kama fupi limeshanunuliwa na limemchosha, mpe daftari. Achague tukio moja lililopitiwa haraka, aandike nusu ukurasa kwa Kiswahili: mhusika alisikia harufu gani, aliwaza nini, mtambo ulikwama wapi. Asiandike mazungumzo hata mstari mmoja, la sivyo atarudia yale yale ya kitabu.