Betri ya mota ya boti inachemka ukiichaji? Tafuta kwanza joto linaanzia wapi

Wavuvi wenzangu wa Mikindani na Msangamkuu, na nyie wa Lindi mnaovuka Kitunda kila siku, kama una ile mota ndogo ya umeme ya kusukuma boti taratibu na saa hizi betri yake iko kwenye chaja na imepata moto, nenda kazime chaja kwanza ndo urudi usome. Zima ukutani, alafu ndo uchomoe klipu, usianze na klipu maana zinaruka cheche na betri inayochemka inatoa haidrojeni, hiyo hewa haina harufu na inalipuka. Fungua madirisha, sigara na jiko la mkaa vikae mbali.

Nasisitiza hili kwa sababu yalinikuta. Nilirudi jioni betri imeisha kabisa, nikaichomeka kwenye chaja ya kuazima tukalala, usiku wa manane mama watoto akaniamsha nyumba nzima inanuka mayai viza. Nikakuta betri imefura ubavu na juu kwenye vifuniko inatoka unyevu unaotokota, na watoto wamelala chumba cha pili tu. Tangu siku ile nachajia barazani tena nikiwa macho, na we chonde fanya hivohivo.

Sasa, kuwa vuguvugu ni kawaida. Weka kiganja ubavuni, kikikaa bila shida endelea kuchaji, ila ukishindwa kukiacha hata kwa kuhesabu mpaka tano basi joto limefika kama nyuzi 50, simamisha. Na betri iliyoshinda juani kwenye boti usiichaji hapohapo, iache kivulini ipoe.

Ikishapoa ichaji tena umeisimamia, ushike sehemu moja moja. Kama moto uko kwenye tamino tu, yaani vile vichwa viwili vya juu vinapofungwa waya, na mwili wa betri umepoa, betri haina kosa, ni chumvi ya bahari imekula pale au klipu imelegea au waya ni mwembamba. Ukiona unga mweupe au wa kijani, zima kila kitu, yeyusha magadi kwenye maji, sugua kwa mswaki mkuukuu huku vifuniko vimebana maana magadi yakiingia ndani yanaua asidi, kausha, piga msasa, kaza nati, paka grisi.

Ukikuta mwili wote una moto, mtazame chaja. Betri ya ampea-saa 100 inataka chaja ya ampea 10 mpaka 20, sasa mtu anachukua chaja kubwa ya gereji ya kuchajia betri za malori inamwaga umeme bila kujua betri imejaa. Shika mita upime kwenye tamino wakati inachaji, betri ya maji inaishia volti 14.4 mpaka 14.8, ikipita 15 hiyo chaja acha kuitumia. Betri za jeli zinataka chini zaidi, kama 14.1 hivi, soma kilichoandikwa ubavuni. Alafu hizo namba ni za nyuzi 25, na sisi huku kabla mvua hazijaanza chumba cha bati kinafika 35 bila kujitahidi, hapo punguza kama volti 0.2 kwenye chaja inayokubali kurekebishwa.

Kama ni upande mmoja tu una moto, hapo mi naanza kuwa na wasiwasi, mara nyingi seli moja, yaani kimoja cha vile vyumba sita vya ndani ya betri, imepiga shoti. Ilaze masaa kadhaa bila chaja wala kuwasha chochote alafu pima, betri nzima iliyojaa inasoma volti 12.6 au 12.7, ikigoma kwenye kama 10.5 ujue seli moja kati ya sita imekufa. Mwenye haidromita, kile kifaa cha kupima uzito wa asidi, apime kila seli, iliyojaa inasoma kama 1.265, na seli moja ikiwa chini ya wenzake kwa 0.050 ndo hiyohiyo. Haitengenezeki, usimlipe mtu akuongezee asidi.

Maji nayo, jamani. Sahani za ndani zikiwa wazi betri inachemka haraka sana. Ongeza maji ya betri yasiyo na asidi, yafunike sahani tu, chaji, alafu ndo ujaze mpaka alama, ukijaza mwanzo yatamwagika. Maji ya kisima hapana, visima vyetu vya pwani vina chumvi. Ya bahari ndo kabisa usijaribu, yakikutana na asidi kwenye kuchaji yanatoa klorini, hewa ya sumu, kwa hiyo hata boti ikiingiza maji yakafika kwenye betri usiichaji.

Waliofunga betri mbili pamoja, kuukuu na mpya, wazitenganishe kila moja ichajiwe peke yake. Na kama yako ni ya lithiamu na imepata moto au imefura, usiitoboe wala usiifungue, zima umeme ukutani, watoe watu ndani na ukae mbali nayo.

Ikishakufa wauzie wa chuma chakavu ikiwa nzima na asidi yake ndani. Kuna watu wanaimwaga kwenye mikoko ili betri iwe nyepesi kubeba, na palepale ndo watoto wanaokota kaa.