Kabla hujawapeleka wanafunzi wa udaktari kutazama makuzi ya mtoto

Panga saa kwanza. Somo la makuzi lifanyike kabla ya chanjo. Mtoto aliyetoka kuchomwa sindano hamchekei mtu wa koti jeupe, na mwanafunzi ataandika kwamba hachangamki. Muulize mama pia kama mtoto ameshiba na kama amelala.

Kadi ya kliniki isomwe mapema. Njiti aliyezaliwa wiki ya 32 ya mimba, yaani miezi 2 hivi kabla ya wakati, akifikisha miezi 6, mpime kama wa miezi 4. Hesabu hiyo tunaiendeleza hadi miaka 2.

Wanafunzi waje wakijua kwamba umri wa kuanza jambo si mwezi mmoja maalumu, ni masafa. Shirika la Afya Duniani liliwafuatilia watoto wenye afya wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani: wengine walitembea wenyewe wakiwa na miezi 8 hivi, wengine walikaribia 18, na wachache hawakutambaa kabisa. Cha kutushtua ni mtoto aliyekuwa akitamka maneno, kisha akaacha. Huyo hasubiri.

Andaa mkeka, kikombe cha plastiki, khanga ya kujifichia na kipande kidogo cha mkate. Usiweke karanga wala punje ya mahindi, zinapalia.

Kisha zungumza nao kuhusu mikono yao. Hapa ndipo ninapokazia zaidi. Niliwahi kumwona mwanafunzi akimnyooshea mikono binti wa miezi 10 aliyepakatwa. Mtoto akajifukia kwenye khanga ya mama, akalia. Mwanafunzi akaandika: "Hatoi ushirikiano." Nikamwomba akae mkekani, asimtazame, aviringishe kikombe tu. Zilipita dakika kadhaa. Binti akateleza kutoka mapajani, akasimama dede kwa kushika goti la yule yule aliyemkimbia, akaokota mkate kwa dole gumba na kidole cha shahada. Na kule kujificha nako kulikuwa jibu: ameanza kujua watu, kama inavyotakiwa kwa umri wake.

Mama aombwe ruhusa kabla wanafunzi hawajaingia, na akikataa, iwe basi. Kubalianeni kwamba hakuna kunong'ona kwa Kiingereza mbele yake. Atadhani mmeona ugonjwa mnaomficha. Swali la kwanza liwe: "Mama, siku hizi ameanza nini kipya?" Bibi akiwepo, naye apewe kiti na aulizwe, maana mara nyingi yeye ndiye anayeshinda na mtoto.